Silinda Niliyoipanua Mara ya Pili

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi na bati la karakana bado linadondosha matone. Mikono yangu inanuka petroli ingawa nimeiosha kwa sabuni ya mche mara tatu.

Ninaandika kwenye daftari langu la Fizikia la kidato cha nne, kurasa za nyuma ambazo hazikutumika. Kesho baada ya misa nitayanakili haya kwenye blogu yangu, kwa kompyuta ya parokia, kama foleni haitakuwa ndefu. Najua wanaosoma hapa ni watu wachache, na hilo ndilo linalonipa ujasiri.

Leo nilinyamaza nilipopaswa kusema.

Baba yangu ni fundi wa chenso, misumeno ya injini ya kukatia miti, hapa Kasulo. Kabla ya wakimbizi alikuwa akitengeneza baiskeli na pampu za kupulizia kahawa, na chenso mara moja moja. Kisha watu wakavuka mpaka kutoka Burundi, kambi ikajengwa, na kila mtu akawa anahitaji mti: nguzo, kuni, mbao za milango, madawati. Wapasuaji wa mbao wakaja na chenso zao begani. Chenso zikaharibika, zikaletwa kwa baba.

Nilipoanza darasa la kwanza, kilima kilicho nyuma ya shule yetu kilikuwa na miti. Sasa mbuzi akipita juu yake unamwona kutoka barabarani. Wakati mwingine nawaza kwamba kilima hicho kimeliwa na karakana yetu. Halafu nakumbuka kwamba sare zangu na ada yangu vilitoka humo humo. Sijui wazo hili niliweke wapi, kwa hiyo naliacha hapa.

Tangu nimalize mtihani nasubiri matokeo. Wenzangu wengine wameolewa, wengine wameenda Mwanza kwa ndugu zao. Mimi naosha kabureta. Niseme ukweli: napenda. Shuleni nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono, mpaka mwalimu wa Fizikia akaniambia, "Adela, majibu yako yanaozea tumboni." Injini haikutazami usoni. Inakungoja ufikiri.

Aliyenifundisha kufikiri juu ya injini ni Mzee Nestori. Ni Mrundi, anaishi kambini na mke wake na mabinti wawili. Kwao alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Baba alienda kumwombea kibali kwenye ofisi ya kambi, na sasa anaruhusiwa kutoka siku tatu kwa wiki, arudi kabla ya saa kumi na moja. Kibali hicho hutazamwa upya kila mwezi. Bila hicho, akikutwa barabarani anakamatwa. Siku moja aliniambia kwamba siku hizo tatu ndizo anazojua bado ni fundi. Siku nyingine nne ni mtu wa kupanga foleni ya mahindi.

Yeye husema Kirundi, mimi Kihangaza, na tunaelewana bila shida. Kiswahili tunakitoa wateja wakija. Plagi yeye huiita bujii, nami siku hizi huponyokwa nikaiita hivyo hivyo.

Alichokuja nacho, ambacho hapa hakikuwepo, ni kupanua silinda.

Nijaribu kueleza. Injini ya chenso haina valvu. Ina matundu tu kwenye ukuta wa silinda. Moja huingiza mchanganyiko wa petroli na oili, jingine hutoa moshi, na pistoni yenyewe ndiyo mlango, inayafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Ukilipanua kidogo tundu la moshi, injini inapumua vizuri na kuzunguka kwa kasi zaidi. Ukiondoa na gasketi ya chini, silinda inashuka, mgandamizo unaongezeka. Ukizidisha, pistoni itagonga juu. Kwa hiyo Mzee Nestori hupitisha kipande cha waya laini wa kulehemea redio kwenye tundu la plagi, huizungusha injini kwa mkono, kisha huutoa waya na kuutazama umebanwa kiasi gani. Ukiwa na unene wa ukucha, sawa. Ukiwa mwembamba kama karatasi, rudisha gasketi.

Tupa yetu ni ile ya duara ya kunolea minyororo, iliyokwisha chakaa. Msasa tunauzungushia kwenye kijiti.

Na mwisho kuna kazi ndefu kuliko zote, yeye huiita kuua makali. Tundu lililopanuliwa lina ukingo mkali kama kopo lililofunguliwa. Ringi ya pistoni inapita hapo mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Ikikuta makali itakwama, itavunjika, na vipande vyake vitachana ukuta wa silinda. Kwa hiyo unasugua taratibu, bila haraka, mpaka ukingo uwe laini. Kisha unapitisha ukucha wa kidole gumba pande zote. Ukucha ukikwama, kazi haijaisha.

Nilijifunza kwenye silinda zilizokufa, miezi miwili. Baadaye baba akaniruhusu kushika za wateja, kwa sharti moja: wasijue. "Mteja akijua binti ameshika silinda yake," alisema, "kila chenso ikikohoa atakutaja wewe." Nilikubali haraka. Sharti hilo lilinifaa. Mteja akitokea, mimi huwa niko pembeni na beseni la petroli, naosha vyombo.

Wiki iliyopita Audaksi alileta chenso yake. Audaksi ni mpasuaji kutoka Biharamulo, mtu wa sauti nene, anayepasua mbao za paa la kanisa la kigango kipya karibu na hapa. Alitaka ipanuliwe. Wapasuaji wa huku wana mtindo wao wa kupokea chenso kwa fundi. Hawakati kitu kwanza. Wanaiwasha, wanainua juu, na mwenzao mmoja anateremka mpaka kwenye kijito chini ya bonde. Akiusikia mlio vizuri kutoka huko, anapunga shati. Asipopunga, chenso inarudishwa mezani hata kama inakata kama wembe.

Ijumaa ya wiki iliyopita tulimaliza, mimi na Mzee Nestori. Alipitisha ukucha, akaridhika, akaondoka kuwahi muda wa kibali. Baba alikuwa Rusumo kufuata vipuri. Nikaiwasha peke yangu. Ililia vizuri. Lakini nilipofumba macho nikaona shati la yule mwenzake Audaksi likikaa kimya kule kijitoni.

Nikaifungua tena.

Nilisogeza ukingo wa juu wa tundu la moshi kwa upana wa unywele, labda nywele mbili. Hakuna aliyenituma. Nadhani nilitaka mlio mmoja katika vilima hivi uwe wangu, hata kama ni mimi peke yangu ninayejua. Wingu likaja. Mama akaniita nikaanue maharage. Nikakimbia, nikayaanua, nikarudi, nikafuta vumbi la chuma kwa kitambaa na kuanza kufunga.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisahau kuua makali. Sikusahau. Nilikumbuka nikiwa kwenye boliti ya tatu, nikajiambia ukingo wenyewe ni mdogo mno.

Jumamosi ya wiki iliyopita shati lilipungwa kwa mikono miwili. Audaksi alicheka mpaka akakohoa. "Hii sasa ndiyo sauti! Hata mama mkwe huko Biharamulo kageuza shingo!" Wiki nzima nimekuwa nikiisikia kutoka upande wa kigango nikichambua mboga, nikitandika kitanda, nikisali. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu mwenye barua.

Leo asubuhi haikusikika. Badala yake alikuja Audaksi mwenyewe kwenye mvua, chenso ikiwa imefungwa kwenye gunia.

"Fundi Gervasi!" aliita kabla hajafika mlangoni. "Toka uje uzike maiti yako!"

Baba alimpa kiti, akamwuliza imekuwaje.

"Imekuwaje? Nimeamka nayo nzima. Tumefika katikati ya gogo ikapiga ukelele mmoja kama mbuzi aliyekanyagwa, kimya. Ukivuta kamba haivutiki. Gogo liko pale, nusu mbao nusu mti, na katekista ananitazama kama nimekula sadaka."

Mzee Nestori aliifungua. Ringi ilikuwa vipande viwili. Ukuta wa silinda ulikuwa na mchirizi mrefu unaoanzia palepale juu ya tundu la moshi. Akaigeuza silinda kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha. Chini ukapita. Kulia ukapita. Kushoto ukapita. Juu ukakwama.

Akarudia. Ukakwama tena.

Kisha akainua macho, na hakumtazama Audaksi wala baba. Alinitazama mimi. Alikuwa ameupima ukingo huo mwenyewe Ijumaa ile, kabla ya kuondoka. Alijua nani alibaki.

"Ni mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Hapa juu sikumaliza kazi. Unisamehe, bwana."

"Nilijua!" Audaksi akasimama. "Wewe Mrundi, umepewa kibali uje utengeneze vyombo vya watu au uje uviue? Jumatatu napita ofisini kwenu. Wajue mtu wao anafanya nini huku nje."

"Audaksi, ndugu yangu," baba akasema, "silinda nitakutafutia nyingine."

"Itafute. Na huyu nao watamtafutia pa kukaa."

Nilikuwa nimesimama na beseni langu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, machache tu: si yeye, ni mimi. Niliyashika kama nilivyokuwa nikishika majibu darasani. Nilingoja mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza, maana kwa nini mtu amwulize msichana wa kuosha vyombo?

Mzee Nestori alifuta mikono, akavaa koti, akamuaga baba. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, kwa Kirundi, "Mwana wanje, beseni linamwagika." Kweli lilikuwa linamwagika, miguuni mwangu.

Ilikuwa saa tano tu. Kibali chake cha leo kilikuwa na saa nyingi bado.

Nimejiuliza mchana kutwa kwa nini alifanya vile. Kwanza nilifikiri ni kwa sababu ananiona kama mabinti zake. Halafu likanijia wazo jingine ambalo limeniumiza zaidi: labda mtu akikaa kambini miaka mingi anazoea kusema "ni mimi" ili jambo liishe haraka. Labda hakunipa zawadi yoyote. Labda alichoka tu.

Vyovyote vile, mimi ndiye niliyeipokea.

Baba alipotoka kwenda kuulizia silinda kwa mafundi wengine, niliifunga ile mbovu kwenye kanga na kutembea mpaka kigangoni. Mvua ilikuwa inanyesha. Njia nzima nilijiandaa kutukanwa. Nilipanga hata nitakavyosimama.

Audaksi na wenzake watatu walikuwa chini ya turubai, wanakula viazi vitamu vya kuchoma. Lile gogo lilikuwa pembeni, limefunguka nusu, na mstari mweusi wa kuongozea chenso, uliopigwa kwa uzi uliochovywa kwenye unga wa betri, ukiendelea juu yake mpaka mwisho.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti. Silinda imepatikana?"

Nikasema haijapatikana. Nikasema nimekuja kueleza kwamba aliyeharibu si Mzee Nestori, ni mimi, niliipanua tena yeye akiwa ameshaondoka.

"Ulifanya nini, uliiroga?" mmoja akauliza, na wote wakacheka.

Audaksi hakunitukana. Alisema kwa upole kabisa, kama anavyosemeshwa mtoto mgonjwa. "Una moyo mzuri, binti. Kakutuma baba, au kakutuma Mrundi? Haya, rudi nyumbani, utapata homa."

Hilo sikujiandaa nalo. Nilikuwa tayari kwa hasira, si kwa kutoaminiwa. Sharti la baba lilikuwa limefanya kazi vizuri mno. Kwa watu hawa, mikono yangu haijawahi kugusa chenso.

Nikiri jambo jingine. Miguu yangu ilianza kugeuka. Kichwani nilikuwa nimeshajiambia: umesema, wamekataa, si kosa lako tena. Nilikwisha piga hatua mbili hivi. Kisha nikamwona akilini Audaksi wa Jumatatu ameegemea dirisha la ofisi ya kambi, na sauti yake ile.

Nikarudi nikamwambia, "Naomba kidole chako."

"Ehee! Audaksi, leo unavishwa pete!"

Nilikuwa sijawahi kushika mkono wa mwanamume asiye ndugu yangu. Nilishika kidole gumba chake, chenye gamba la utomvu, nikapitisha ukucha wake kwenye ukingo wa tundu. Chini. Kulia. Kushoto. "Hii ni kazi ya Mzee Nestori," nikasema. Kisha juu. Ukucha wake ukakwama. "Hii ni kazi yangu."

"Hilo hata mimi nikiangalia naweza kulisema," alinijibu. Lakini hakuondoa kidole.

Nikaomba tupa yao ya mnyororo. Nikaketi juu ya gogo, nikaibana silinda katikati ya magoti, nikaanza kuua makali. Kipande cha msasa nilikuwa nacho mfukoni. Kijiti nilikiokota pale chini. Nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya Ijumaa ile, kwenye silinda ambayo haitafanya kazi tena, na sikuinua uso. Walicheka kidogo, wakaacha. Wakaendelea kula. Baadaye sikusikia hata kutafuna.

Nilipompa, Audaksi alipitisha ukucha bila kuambiwa. Ulizunguka tundu zima.

"Nani kakufundisha?"

"Yeye."

Alimenya kiazi kingine kwa muda mrefu kuliko kiazi kinavyohitaji. "Basi," akasema. "Ofisini siendi. Lakini chenso yangu usiiguse tena. Umesikia?"

"Nimesikia. Unisamehe."

Nikiwa nimeshawapa mgongo, nikamsikia yule wa kijitoni, mwenye shati, akisema, "Lakini ilikuwa inalia kweli."

"Wewe nyamaza, kula."

Baba amerudi saa tisa, amelowa, bila silinda. Nilimwambia kabla hajavua viatu, kwa sababu nilijua Audaksi atafika senta na habari itafika nyumbani kabla ya giza. Nilimweleza yote, na ile boliti ya tatu pia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua silinda, akapitisha ukucha wake, akakaa nayo mkononi.

"Haya makali umeyaua lini?"

"Leo. Mbele yao."

Akatikisa kichwa polepole. Nadhani alikuwa anaona mwisho wa sharti lake, na wateja watakaoanza kuuliza nani ameshika nini. Kisha akaniuliza kwa nini sikusema asubuhi, watu wote wakiwepo. Nikasema niliogopa. Kuogopa si jibu, ni jina tu la kitu kilichonipata.

"Na Nestori ataambiwa na nani?"

Nikasema nitamwambia Jumatatu akija, tukiwa wawili tu, wateja wakiwa hawajafika.

"Hapana," baba akasema. "Yeye alilaumiwa mbele ya watu."

Akaenda kubadilisha nguo.

Nimekuwa nikiligeuza neno lake huku naandika. Jumatatu ni siku ya soko. Karakana itajaa: wapasuaji, wenye baiskeli, wanawake wanaopita kujikinga jua, na labda Audaksi mwenyewe. Sijui kama Mzee Nestori atakuja. Baba anasema asipokuja tutaomba ruhusa tuingie kambini tumfuate, na huko pia watu hawakosekani.

Nimejaribu kusema "si yeye, ni mimi" mara tatu hapa chumbani, kwa Kihangaza, kisha kwa Kiswahili ili kila atakayekuwepo aelewe. Mara zote sauti imetoka ndogo.

Ikitoka ndogo Jumatatu, nitarudia.